Garanti, lupangu na makaratasi ya Leta: niliyoyaona nikiwa komisionere Lubumbashi

Nimefanya kazi ya komisionere wa nyumba, yaani dalali wa nyumba za kupanga, mu Lubumbashi, Kongo, miaka mingi, kuanzia mitaa ya Katuba na Kenya (Kenya ya hapa mjini, si ile nchi) mpaka Bel-Air na kule Golf kwa wenye makuta, wenye feza, na ukitaka kujua sheria ya Leta, ya serikali, inafikaje ku mlango wa mtu basi fanya hii kazi, juu wewe njo unasimama katikati, upande huu mwenye lupangu, mwenye kiwanja na nyumba yake, upande huu lokateri, mpangaji, na watoto wake, na wote wawili wanakuhesabu mwizi. Sitajitetea sana. Komisyo ni feza ya mwezi moja, lokateri njo anailipa, na ni kweli kuna wenzangu wanakutembeza kwanza nyumba mbaya nne ili ile ya tano ionekane paradiso.

Nataka kuongea juu ya garanti, ile feza lokateri anaweka kwa mwenye nyumba kabla ya kuingia, alafu garanti itatupeleka mbali, mpaka ku kadastre, ofisi ya kupima na kuandikisha udongo.

Watu wengi hawajui kama sheria iko. Iko. Ni sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, ya kupangisha nyumba zisizo za biashara, na inasema garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi tatu. Haya, toka sasa uende Kampemba na miezi tatu yako mkononi uone. Mu miaka yangu ya hii kazi kawaida ilikuwa sita, mahali pengine nane, nyumba yenye maji ndani na choo ndani hata kumi. Piga hesabu ya nyumba ya dola 80 kwa mwezi, vyumba viwili na salon: garanti ya miezi sita 480, mwezi wa kwanza 80, komisyo yangu 80, jumla 640, na bado hujalipa gari ya kubeba vitanda. Mwalimu wa shule ya msingi atazitoa wapi kwa mara moja? Anangoja zamu yake ya likelemba, ile feza ya kuchangiana kwa zamu, anakopa kwa shemeji, anauza frigo. Kwa hiyo kinachomfungia mtu nje mara nyingi si ile 80 ya kila mwezi, ile angejikaza akailipa, ni ile 640 ya siku moja.

Kuna mama moja, mwalimu, alikuja kwangu na fotokopi ya sheria yenyewe, mtoto wa dada yake alikuwa anasoma mambo ya sheria ku UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, njo alimpatia, amepiga mstari na biki nyekundu pale penye miezi tatu. Tukaenda wote kwa mwenye lupangu, mzee wa heshima zake. Mama akasalimia vizuri, akaulizia familia, akatoa karatasi. Mzee akavaa miwani, akasoma yote polepole, alafu akairudisha kwa mikono miwili.

"Mama, hii karatasi ni nzuri sana. Sasa umpelekee ule aliyeiandika, akupangishe kwake."

Nilicheka, nisiseme uongo, na mama mwenyewe alicheka. Kisha akanyamaza. Nyumba ikachukuliwa na kijana wa kazi ya mine, ya migodi, aliyetoa miezi nane bila kuuliza kitu.

Ningeishia hapo ungesema wenye malupangu ni watu wabaya. Mimi nimekaa nao, nimekunywa chai kwao, nimeona madaftari yao. Ule mzee hakuwa anaweka garanti mu sanduku. Garanti zake zote zilikuwa zimeshakuwa mabati. Nyumba za huku zinajengwa hivi: mtu anapata lupangu, anapiga matofali ya udongo wa kichuguu, juu Katanga vichuguu viko vikubwa na udongo wake unachomeka vizuri, anapandisha kuta mpaka ku lento, pale juu ya milango na madirisha, makuta yanaisha, anangoja mwaka, anangoja mwaka mwingine. Mwisho anamaliza aneksi ndogo ya nyuma na kuipangisha. Garanti ya lokateri wa kwanza inanunua mabati ya nyumba kubwa, garanti ya wa pili inanunua milango, ya tatu inalipa kalo, vigae vya salon. Lokateri njo banki ya mwenye lupangu, banki isiyoomba riba, na yenyewe haijui kama ni banki.

Ukishaona hivyo unaelewa kwa nini ile miezi tatu inapita tu juu ya vichwa vya watu. Walioandika sheria walifikiri garanti ni ya vioo vitakavyovunjika na bili ya umeme ya SNEL itakayoachwa, na kwa hiyo kazi miezi tatu inatosha kabisa. Lakini mu mtaa garanti ni mtaji wa kujenga. Umemkataza mzee kuchukua sita, sawa, mabati atanunua na nini? Hilo hakuna artikle inayolijibu, na mzee naye hawezi kulala chini ya artikle.

Na juu feza imeshakuwa mabati, siku lokateri anahama hakuna cha kumrudishia. Njo tukapata desturi ya kula garanti: unamwambia mwenye lupangu mapema kwamba unahama, miezi ya mwisho unakaa bila kulipa, unaila garanti yako kidogokidogo mpaka inaisha, unatoka, hakuna mwenye deni. Mimi naiona desturi yenye akili kuliko mambo mengi yaliyopigwa stempu. Shida inakuja mwenye lupangu akitaka utoke leo na bado uko na miezi minne haujala. Hapo utamfuata mpaka viatu viishe.

Sasa kwa nini mzee asiende banki ya kweli? Alienda. Walimuuliza sertifika. Hapa tunaingia kadastre, na ukiingia kule beba maji ya kunywa.

Mu Kongo udongo ni wa Leta. Si maneno ya baa, ni artikle ya 53 ya sheria ya tarehe 20 Julai 1973: udongo ni mali ya Leta peke yake, hauuzwi, na hauwi wako hata ukikaa juu yake miaka mia. Wewe unayesema "lupangu yangu" uko na haki ya kuutumia tu, wanaiita konsesyo, ya daima kama wewe ni Mkongomani, ya miaka 25 inayoweza kurudiwa kama wewe ni mgeni au kampani. Na hiyo haki yenyewe haitambuliki mpaka kuwe na sertifika ya enrejistroma, karatasi ya Leta ya kuandikisha lupangu, yenye jina lako. Sio barua ya kuuziana, sio risiti ya komini, ofisi ya mtaa, sio kwamba baba yako amezikwa na familia nzima inajua alijenga pale. Sertifika.

Uliza sasa mu Katuba, mu Kenya, mu Kamalondo, watu waliozaliwa mu zile nyumba, uliza nani iko nayo. Utatolewa bahasha ya kaki imekaa chini ya godoro: livre de lojeri ya zamani (kitabu cha mkaaji), fishi parselere (karatasi ya lupangu), risiti za kodi, barua ya kuuziana yenye mashahidi watatu, wawili wameshakufa. Ile livre imetoka wakati mji unaitwa Élisabethville, Wazungu katikati ya mji na watu weusi mitaa yao, uwanja mtupu umeachwa makusudi kuwatenga, na ilikuwa inasema tu fulani anaruhusiwa kukaa hapa. Haikusema ni mwenye mali. Uhuru ukaja 1960, mji ukabadilishwa jina 1966, sheria ya udongo ikatoka 1973, na bahasha bado iko chini ya godoro. Mwenye nayo anajiona mwenye lupangu, majirani wanamwona mwenye lupangu, banki inamwona mtu anayeketi mahali.

Kutoka ile bahasha mpaka sertifika si safari ya kitoto. Kwanza ombi, alafu wapimaji waje kupima na kuweka borni, alama za mpaka, alafu makaratasi ya kuthibitisha kwamba hakuna mwingine anayedai, na kwa lupangu mpya unapewa kwanza kontra ya lokasyo, ya kupanga kwa Leta, ya miaka tatu, uonyeshe umejenga, ndipo uombe konsesyo, ndipo sertifika. Kila hatua iko na dirisha lake na kila dirisha iko na bei mbili, ile ya ku ukuta na ile ya kutoka leo. Jirani yangu alikaa chini akapiga hesabu yote, akaona makuta ya kutafuta sertifika yanatosha kuweka sakafu ya sima nyumba nzima. Akaweka sakafu. Nitamlaumu aje, watoto walikuwa wanalala juu ya udongo.

Kwa hiyo fuata kamba: sertifika ni ghali, bila sertifika hakuna mkopo, bila mkopo mwenye lupangu anajenga kwa garanti, na garanti inamwangukia mama mwalimu ambaye hajui hata kadastre iko avenii gani. Ningepewa nafasi ya kusema na wakubwa ningewaambia waache kwanza kupigana na miezi sita, washushe bei na madirisha ya sertifika kwa watu wa Katuba na Kenya, na hiyo garanti itashuka yenyewe. Sisemi itashuka mwaka ule ule. Ila itashuka.

Commune Annexe ni hadithi nyingine, na pale nimeona machozi ya wanaume wazima. Annexe imezunguka mji wote, njo mahali mji unakulia, na pale udongo uko na wakubwa wawili. Sheria ya 1973 inasema hata udongo wa watu wa vijiji umekuwa wa Leta, lakini haki zao za kuutumia zitapangwa na ordonansi, amri ya rais. Miaka nilifanya kazi, makumi ya miaka baada ya hiyo sheria, ordonansi ilikuwa haijatoka. Basi shefu wa udongo anauza kwa desturi yake, anakupa karatasi na stempu yake, na huku ofisini mtu anagawa malupangu kwa plan, na udongo ni ule ule.

Baba moja, mstaafu wa reli, alinunua pale kwa ndugu ya shefu. Alifanya yote yanayoonekana mazuri, mashahidi, pombe ya kukaribisha, picha na simu. Akajenga vyumba viwili, akapanda miembe. Akaja mtu na sertifika ya lupangu ileile, ametoka mjini, hajawahi hata kulala pale. Wakaenda tribunali, na tribunali inasoma sertifika, haisomi miembe. Baba akaambiwa amshitaki aliyemuuzia arudishiwe makuta yake. Aliyemuuzia alikuwa ameshahamia Kolwezi, na Kolwezi ni kubwa.

Tangu hapo sikumpeleka mtu Annexe bila kupita kwanza ku kadastre na krokii, mchoro wa mahali, kuuliza kama ile namba iko tayari na jina. Alafu nauliza majirani, na zaidi ya majirani namuuliza mama anayeuza makala pale kona, juu yeye anakaa pale kutwa nzima na anajua ni nani walikuja kupima na fita, kamba ya kupimia, siku gani, na kama kulikuwa na ugomvi. Mama wa makala ameniokoa mara nyingi kuliko avoka, wakili, na yeye unamnunulia tu mufuko moja.

Tuje ku kodi ya Leta, juu watu wanaisahau na yenyewe njo inaharibu makontra. Mwenye nyumba anatakiwa alipe kodi ya mapato ya kupangisha, na kiwango nilichokuta mu kazi kilikuwa 22 kwa 100. Si 22 ya faida, ni ya feza yote inayoingia, hata kama nusu imeenda kutengeneza paa. Kampani ikipanga nyumba inaikata yenyewe na kuipeleka, kwa hiyo kule Golf hiyo kodi inalipwa na bei ya nyumba imepandishwa tayari kuifunika. Mu mitaa ya kawaida watu wanafanya kitu kingine: kontra inaandika 40, mkononi zinapita 100. Lokateri anakubali, juu amechoka kutafuta na mwenye lupangu amemwambia kama haukubali kuna wengine wawili wanangoja ku lango.

Sasa ona vile inamrudia. Kijana moja niliyempangisha alitoa garanti ya miezi sita kwa 100, yaani dola 600. Kontra ilisema 40 kwa mwezi na garanti miezi tatu, ili ifanane na sheria, yaani 120. Walipogombana, mwenye lupangu akamtoa na kusema atamrudishia kila kitu kilichoandikwa. Kilichoandikwa. Kijana akakimbia kwa shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa, akakimbia tribunali de pe, korti ndogo, kila mahali wanamuuliza karatasi, anatoa karatasi, inasema 120. Mimi niliitwa kama shahidi, nikasema nilichoona, makuta yalihesabiwa mbele yangu juu ya meza ya plastiki. Wakapatanishwa kwa 300. Kijana alitoka pale anaitukana sheria, na mimi nikawa nafikiria kwamba hiyo sheria ilimpa haki zote, ila kodi ya 22 ilikuwa imeshamnyang'anya ushahidi kabla hajaingia ndani ya nyumba.

Kisha hiyo, namwambia lokateri wangu: kama mwenye lupangu anakataa bei ya kweli ku kontra, omba basi risiti ya mkono tofauti, daftari la shule linatosha, tarehe, feza ngapi, sinyatire. Wengine wanakubali juu daftari haliendi ku ofisi ya kodi. Wengine wanakasirika. Anayekasirika sana kwa ajili ya daftari, mtu wangu, tafuta nyumba ingine.

Juu ya bei za Golf na Bel-Air sitasema mengi. Mine zikifanya kazi vizuri watu wanakuja, Wachina, Wahindi, Wazambia, Wakongomani wa kila upande, na kampani inalipa bila kubishana. Mwenye nyumba wa Bel-Air anaona bei ya Golf anapandisha, wa mitaa mingine ya Kampemba anaona ya Bel-Air, na mu Katuba chumba chenye paa inayovuja nacho kinapanda na hakuna Mchina aliyewahi kukiuliza.

Kinachoniuma zaidi ni misalaba nyekundu. Unaamka asubuhi unakuta wamekuchorea msalaba ku ukuta, maana yake bomoa wewe mwenyewe au tutakuja. Wakati mwingine Leta iko na haki, nyumba iko chini ya waya kubwa za umeme au imekalia njia ya maji, na mtoto akifa pale wote tutalia. Lakini kabla ya ule msalaba kulikuwa na mtu aliyegawa ile lupangu, kulikuwa na mwingine aliyepokea kodi ya kila mwaka, kulikuwa na mtu aliyeleta umeme na kuandika jina ku bili. Ofisi tatu zimekupa risiti kwamba uko, ya nne inakuja kusema hauko.

Katiba ya 2006, artikle ya 34, inasema mali ya mtu ni takatifu na Leta haiwezi kuichukua isipokuwa kwa faida ya wote na kwa kulipa kwanza fidia ya haki. Iko na sheria ya 1977 inayoeleza vile inafanywa. Nimesimama na watu waliobeba ile artikle ya 34 mkononi. Jibu ni lile lile: fidia inalipwa kwa haki inayojulikana, onyesha sertifika. Bahasha ya kaki inatoka tena. Mwenye sertifika analipwa hata akichelewa, mwenye bahasha anaitwa mjenzi wa ovyo, na nyumba zao zilikuwa zinagusana ukuta.

Siku hizi nimepunguza kutembea, magoti, lakini kuna mpango moja ninaufanya na vijana na napenda unavyoenda. Kijana iko na nyumba Kisanga, kuta zimesimama, mabati yako, ndani hakuna kitu. Lokateri iko na miezi tatu tu, ile ya sheria. Badala ya kumwambia tafuta zingine tatu, tunaandika kontra kwamba ataweka milango, madirisha na waya za umeme, fakture zote zinabandikwa nyuma ya kontra, na zinakatwa nusu nusu ku feza ya kila mwezi mpaka ziishe. Bei inaandikwa ya kweli. Juu ya kodi, kijana alikuna kichwa sana, mwisho akasema ataenda ku ofisi kuulizia mwenyewe, na alienda, ingawa alichoambiwa na dirisha la kwanza hakikufanana na cha dirisha la pili. Mtoto alizaliwa mule ndani mwezi wa tatu. Sasa wanagombana juu ya plafo, dari ya ndani: lokateri anasema joto la mabati linamuua mtoto na plafo inahesabiwa pamoja na milango, kijana anasema plafo haikuandikwa, na mimi nimeitwa Jumamosi saa nne nije na kopi yangu.